Simu ya Zamani, Chaji ya Kununua: Kiokoa Betri Kinasaidia Wapi na Kinashindwa Wapi

Swali ni lile lile, ingawa kila mmoja analiuliza kwa namna yake. Simu imetoka kuchajiwa asubuhi ikiwa imejaa, mwenyewe amewasha kiokoa betri, hajaangalia video hata moja, na kabla jua halijazama simu imezima. Wengine wanauliza kama wameuziwa simu bandia. Wengine wanauliza kama hicho kiokoa betri kinafanya chochote. Kwa watu wa Nyabiondo na vijiji vya barabara inayotoka Masisi-centre kwenda Walikale, swali hili lina uzito wa pesa. Kituo cha umeme cha Matebe, kule Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015 na kinawasha taa za Goma, lakini nyaya zake hazijavuka milima kufika vijiji hivyo. Huko chaji inanunuliwa, kwenye sola ya jirani au kwenye jenereta ya dukani, na anayenunua kitu ana haki ya kujua kinaishia wapi.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kiokoa betri kinafanya kazi kweli, ila kinachobana zaidi ni programu. Mahali penye mtandao hafifu, na kwenye simu yenye betri iliyochoka, programu si mlaji mkubwa. Mlaji mkubwa ni antena inayohangaika kutafuta mnara, akifuatwa na mwanga wa kioo, na wote wawili wanakula kutoka kwenye betri ambayo imepungua bila kukuambia. Kwa hiyo kiokoa betri kiwashwe, tena mapema kuliko watu wanavyofanya, lakini mtandao na kioo uvishughulikie kwa mkono wako. Asiyefanya hivyo atazidi kulaumu simu.

Kiokoa betri kinafanya nini hasa

Google iliingiza kiokoa betri katika Android 5.0 mwaka 2014, na Apple ikaleta cha kwake mwaka uliofuata katika iOS 9. Kwa hiyo hata simu ya mkono wa pili iliyopita kwa wenyewe wengi, kwa kawaida inacho. Kama simu yako imewekwa kwa Kifaransa, ingia "Paramètres", kisha "Batterie", utakuta "Économiseur de batterie". Kwenye Samsung na iPhone utakuta maneno yanayokaribiana na "Économie d'énergie". Ukikiwasha, haya ndiyo yanayotokea:

- Prosesa inapunguziwa kasi, kwa hiyo simu inakuwa nzito kidogo.
- Programu ambazo hujazifungua zinazuiwa kwenda mtandaoni kila mara kuangalia kama kuna kipya.
- Mapambo ya kioo yanapunguzwa, na kwenye simu nyingi mwanga pia.
- GPS inabanwa, hasa kioo kikiwa kimezimwa.

Yapo pia yasiyoguswa, na haya ndiyo yanayowatia watu hofu bure. Simu za kawaida zinaendelea kuita. SMS zinaendelea kuingia. Menyu za pesa za namba fupi zinafunguka kama kawaida. Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, pesa nyingi za Kivu ya Kaskazini zinapita kwenye Airtel Money, M-Pesa na Orange Money, na kuna wanaokizima kiokoa betri kwa kuogopa kukosa ujumbe wa pesa. Ujumbe huo unakuja kwa SMS, na SMS haizuiwi. Kinachochelewa ni WhatsApp na wenzake: ujumbe unaweza kukaa mpaka ufungue programu yenyewe. Kama WhatsApp ndiyo kazi yako, ingia kwenye "Applications", chagua WhatsApp, kisha "Batterie", uiruhusu hiyo moja isibanwe. Moja tu, ukianza kuruhusu nne au tano, umekizima kiokoa betri bila kujua.

Kubaliana na watu wako wa karibu pia: mwenye neno la haraka apige au atume SMS, asiandike WhatsApp na kungoja. Mahali ambapo habari ya njia kufungwa inaweza kubadilisha siku nzima ya mtu, makubaliano hayo yana faida kuliko mpangilio wowote wa simu.

Simu nyingi za Tecno, Itel, Infinix na Samsung zina pia hali kali zaidi, inayoacha programu chache tu na kioo cheusi. Hiyo iweke kwa ajili ya safari au kwa siku mbili tatu za mawingu ambapo sola haileti kitu. Kuishi nayo kila siku ni kujinyima simu uliyoinunua.

Washa asubuhi, usingoje 15

Simu yenyewe inakuzoeza vibaya. Inakaa kimya mpaka ifike asilimia 20 au 15, ndipo inakuuliza kama uwashe kiokoa betri. Kwa aliye na umeme ukutani hilo halina shida. Kwa anayenunua chaji ni kuchelewa, na hesabu inaonyesha.

Tuchukue simu iliyouzwa na betri ya mAh 4,000, ambayo baada ya miaka kadhaa imebaki na asilimia 70 ya uwezo wake. Kioo bado kinaandika 100 ikijaa, lakini hiyo 100 ni mAh 2,800. Ukifika 15, umebaki na mAh 420. Tuseme kiokoa betri kinakurefushia muda uliobaki kwa robo. Ukikiwasha kwenye 15, umepata faida ya kama mAh 105, ambazo zitaisha kwa simu chache. Ukikiwasha simu ikiwa imejaa, robo ile ile inahesabiwa kwenye 2,800, na faida inakuwa 700. Chombo ni kile kile, betri ni ile ile. Tofauti ni saa uliyoamua kukitumia. Na kadiri betri inavyozeeka ndivyo 15 yako inavyozidi kuwa ndogo.

Hapo linakuja swali la pili: je, kukiwasha muda wote hakuharibu simu? Hapana. Kinapunguza kazi na joto, na joto ndilo adui wa betri. Hakuna kifaa kinachoumia kwa kufanya kazi kidogo. Kitu pekee unachopoteza ni wepesi, na ukitaka kuhariri picha au kucheza mchezo unaweza kukizima kwa dakika hizo, kisha ukakirudisha. Kwenye Android nyingi unaweza kuagiza kijiwashe chenyewe chaji ikifika kiwango unachotaka. Usikubali 15, kama simu inaruhusu, weka 75 au zaidi.

Mtandao: hapa ndipo chaji inapokwisha

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu ndiyo ambayo kiokoa betri hakiigusi.

Simu ikiwa karibu na mnara inatuma mawimbi kwa nguvu ndogo sana. Ikiwa mbali, au mlima umekaa katikati, mnara unaiamuru ipandishe nguvu mpaka isikike. Katika 2G ya megahezi 900, simu inaweza kushuka hadi kama miliwati 3 kwa kila mpigo, au kupanda hadi wati 2. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 600 kwenye antena, kwa mazungumzo yale yale ya dakika tano. Ndiyo maana watu wawili wenye simu za aina moja, mmoja anayekaa Goma mjini na mwingine anayekaa kwenye bonde la Masisi, hawamalizi chaji saa moja. Mtu wa bondeni hajakosea kitu. Simu yake inafanya kazi kubwa zaidi kusema neno lile lile.

Kibaya zaidi ni kukosa mtandao kabisa. Simu iliyopoteza mnara haitulii. Inapekua masafa moja baada ya jingine, 4G, 3G, 2G, inapumzika kidogo, inaanza tena. Ukiwa na kadi mbili za SIM, kila moja inapekua kivyake. Wakazi wengi wa Kivu wanabeba Airtel na Vodacom, au Orange, kwa sababu mtandao mmoja ukipotea mwingine unabaki. Ni uamuzi wa busara kabisa. Tatizo ni kuziacha zote mbili zikiwa hai mahali ambapo moja haina mnara: siku nzima unalipia utafutaji wa kitu kisichokuwepo.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Zima kadi isiyoshika. Ingia "Paramètres", sehemu ya kadi za SIM, uzime ile ambayo haina mtandao hapo ulipo. Huitoi, unaizima tu. Ukifika mahali inaposhika, iwashe.
2. Ukiwa hutumii intaneti, chagua 2G peke yake. Iko kwenye "Réseaux mobiles", chini ya aina ya mtandao. Simu inayokaa mpakani mwa 3G na 4G inarukaruka kati ya mitandao, na kila mruko unakula. Ukiifunga kwenye 2G inatulia, na simu na SMS zinaingia bila shida.
3. Zima data, uifungue kwa mafungu. Tafuta sehemu ambayo mtandao unashika vizuri, mara nyingi ni pale juu kwenye mwinuko, rudisha 3G au 4G, soma na tuma vyote kwa pamoja, kisha funga. Kufungua data mara mbili kwa siku kunashinda kuiacha wazi kutwa.
4. Mahali pasipo mnara kabisa, weka "Mode avion". Shambani, au kwenye vipande vya barabara ya Walikale vinavyopita msituni. Hapo hakuna anayeweza kukupata kwa vyovyote, kwa hiyo hupotezi kitu.
5. Ndani ya nyumba ya mabati, iweke simu karibu na dirisha au mlango. Bati linazuia mawimbi. Hatua tatu ndani ya nyumba zinaweza kuongeza mstari mmoja au miwili ya mtandao.

Pingamizi la kwanza ni kwamba 2G ni polepole. Ni kweli, na ndiyo sababu imesemwa itumike ukiwa *hutumii* intaneti. Kutuma picha kwa 2G ni kosa la kinyume: inachukua muda mrefu mno, antena inabaki kazini muda wote huo, na unaweza kumaliza chaji nyingi kuliko ungetumia 4G kwa sekunde chache. 2G ni ya kungojea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Usiku mtu anataka kupatikana, kwa sababu habari mbaya haichagui saa. Hilo halina ubishi, na ushauri wowote wa kuokoa chaji unaokutaka uzime mtandao usiku katika Masisi ni ushauri wa mtu asiyeijua Masisi. Usizime. Acha simu kwenye 2G, data imefungwa, kadi moja hai, kiokoa betri kimewashwa, na iweke pale inaposhika vizuri. Kama familia inaweza, simu ndogo ya vitufe ndiyo ibaki macho usiku: inakaa siku kadhaa kwa chaji moja, na namba inayojulikana na wote iwe ndani yake.

Kwa upande wa redio, kama simu yako ina FM na kituo unachosikiliza, iwe Radio Okapi au redio ya jamii, kinafika kwa FM hapo ulipo, chomeka waya wa masikioni usikilize hivyo. Kupokea FM ni kazi ndogo. Kusikiliza redio ile ile kwa intaneti kunaamsha antena ya data kwa muda wote wa kipindi, na kunakula mega pia. Wi-Fi na Bluetooth zizime kama huzitumii, lakini usitegemee muujiza hapo. Kugawia wenzako intaneti ndiko kunakokausha betri kweli.

Kioo, na habari ya rangi nyeusi

Punguza mwanga mpaka kiwango cha chini unachoweza kusoma bila kukaza macho, na uweke kioo kijizime baada ya sekunde 15 au 30. Haya mawili yanajulikana. Lisilojulikana ni kwamba rangi nyeusi, ile "mode sombre" ambayo watu wanashauriana sana, haifanyi kazi kwenye kila simu.

Kioo cha aina ya OLED kinawasha kila nukta peke yake, na nukta nyeusi imezimwa. Hapo giza linaokoa. Kioo cha LCD kina taa moja nyuma yake inayowaka kote, na rangi nyeusi ni pazia tu lililofunika taa hiyo. Taa inaendelea kula. Simu nyingi za bei nafuu zilizoko sokoni ni za LCD. Kujua ya kwako ni rahisi: usiku, ndani ya chumba chenye giza, fungua picha nyeusi tupu na uangalie kingo za kioo. Ukiona mwanga wa kijivu unatoka, ni LCD, na rangi nyeusi haitakuongezea muda. Kioo kikipotea kabisa gizani, ni OLED.

Hata kwa mwenye OLED, faida inategemea mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 na kukuta kwamba kwenye mwanga kamili rangi nyeusi inaokoa kwa wastani asilimia 39 hadi 47, lakini kwenye mwanga wa asilimia 30 hadi 50, ambao ndio watu wengi wanautumia ndani ya nyumba, inaokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Kwa hiyo anza na mwanga. Rangi ije baadaye.

Tochi nayo isisahaulike. Watu wanaihesabu kama kitu kidogo kwa sababu kioo kimezimwa. Jioni nzima ya kupika kwa tochi ya simu ni chaji uliyonunua kwa ajili ya mawasiliano. Kitaa kidogo cha sola kinaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Yanayosemwa sana, na si kweli

- *"Funga programu zote kila mara."* Programu iliyolala kwenye kumbukumbu haili karibu chochote. Ukiifunga na kuifungua tena, simu inaanza kuipakia upya, na kazi hiyo inakula. Funga ile iliyokwama, au ile unayoiona kwenye orodha ya "Batterie" ikiwa juu bila sababu.
- *"Weka programu ya kusafisha na kuongeza betri."* Iondoe leo. Inakaa macho muda wote, inaleta matangazo, na haina uwezo wowote ambao kiokoa betri cha simu hakina.
- *"Iache iishe mpaka izime ndipo uchaji."* Ushauri huu ulitoka kwenye betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ndizo zilizomo kwenye simu zote za leo, zinaumia zikikaushwa. Chaji ukiwa bado na 20 ukipata nafasi.
- *"Betri mpya ichajiwe masaa kumi na mawili mara ya kwanza."* Hapana. Ikijaa imejaa.

Kuchaji kwa sola na kwa jenereta

Wasomaji wengi wamesikia kanuni ya kuchaji kati ya 20 na 80 tu, usijaze kabisa. Kwa kemia ni kweli: betri inachoka polepole zaidi isipojazwa hadi mwisho. Lakini kanuni hiyo inamfaa mwenye umeme usiku na mchana. Anayelipa kwa kila kuchaji, bei ni moja akichukua simu kwenye 80 au kwenye 100, na akiichukua kwenye 80 atarudi mapema kulipa tena. Kwake, kujaza ni sawa. Kilicho muhimu ni kuifuata simu ikijaa, isishinde pale juani au juu ya jenereta mpaka jioni.

Joto ndilo linaloua betri haraka kuliko jambo lingine lolote mnalolifanya. Vipimo vilivyochapishwa na Battery University vinaonyesha kwamba betri ya lithiamu iliyojaa, ikihifadhiwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 40, inabaki na kama asilimia 65 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25, inabaki na kama 96. Milima ya Masisi ina baridi, na baridi hiyo ni bahati. Watu wanaipoteza wenyewe kwa kulaza simu juani pembeni ya sola, kioo kikiangalia juu, ndani ya kava nene la plastiki.

- Sola iwe juani, simu iwe kivulini. Ongeza urefu wa waya kama ni lazima.
- Vua kava wakati wa kuchaji. Simu ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika vizuri, chomoa uiache ipoe.
- Usiunganishe simu moja kwa moja na sola tupu isiyo na kidhibiti cha volti. Kila wingu linapopita umeme unashuka, simu inaacha na kuanza tena kuchaji, na kioo kinawaka kila mara. Bora sola ichaji betri kubwa au pawabenki, kisha hiyo ichaji simu.
- Izime simu wakati wa kuchaji kama huitegemei saa hiyo. Inajaa haraka, na kwenye umeme dhaifu wa sola tofauti inaonekana.
- Kwenye duka la kuchajia, toa kadi yako ya SIM kama simu inabaki pale, na weka namba ya siri ya kufungulia. Pesa zako zimo humo.

Kuhusu pawabenki: ile iliyoandikwa mAh 10,000, hata kama ni ya kweli, inatoa kwenye simu kama 6,000 hadi 7,000, kwa sababu sehemu inapotea kwenye kupandisha volti na kwenye joto. Hilo ni la kawaida, si wizi. Ile nyepesi kama karatasi iliyoandikwa 50,000, hiyo ndiyo wizi.

Simu inayozima kwenye 30

Kuna malalamiko mengine yanayofanana na haya lakini chanzo chake ni kingine: simu inaonyesha 30 au 40, unapiga picha au unapiga simu, inazima ghafla, ukiichomeka inarudi na namba ile ile. Hapo betri haijaisha. Imezeeka kiasi kwamba ikiombwa umeme mwingi kwa mara moja volti inaanguka, na simu inajizima kujilinda. Ni kama mzee anayebeba mzigo wake vizuri akitembea polepole, lakini ukimwambia apande kilima mbio anaanguka.

Kwa simu hiyo kiokoa betri ni msaada mkubwa, kwa sababu kinakata zile kazi za ghafla. Apple ilifanya jambo hilo hilo kwa siri mwaka 2017: ilipunguza kasi ya iPhone 6, 6s na SE zenye betri zilizochoka ili zisizime ovyo, na Desemba mwaka huo ikalazimika kukiri. Watu walikasirika, na kwa haki, maana hawakuambiwa. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25. Lakini dawa yenyewe ilifanya kazi. Tofauti ni kwamba wewe unaichagua mwenyewe, na unaweza kuiondoa.

Ila msaada huo una mwisho. Apple inasema betri za iPhone hadi toleo la 14 zilitengenezwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kamili. Ukimaliza chaji nzima kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na miezi minne. Simu yenye miaka mitano na betri yake ya kwanza imeshavuka hapo zamani.

Kubadilisha betri, na ile iliyovimba

Kama betri ya simu yako inatoka, itoe, uilaze juu ya meza tambarare na kuizungusha kwa kidole. Betri nzima inakwama mara moja. Ikizunguka kwa wepesi, tumbo lake limevimba. Kwa simu isiyofunguka, angalia mgongo au kioo: kikianza kuachana na ukingo, au ukibonyeza kinarudi, ni dalili ile ile. Betri iliyovimba haina ushauri wa kuokoa. Acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiitoboe kutoa hewa, usiipige, usiitupe motoni, usiwape watoto wachezee; gesi iliyomo ndani inashika moto. Mwaka 2016 Samsung ilizirudisha kiwandani Galaxy Note 7 za dunia nzima kwa sababu ya betri zilizokuwa zinawaka, na hizo zilikuwa mpya.

Kabla ya kulipa betri mpya, hesabu hivi: kama simu ikiwa na mtandao mzuri, kioo hafifu na kiokoa betri kimewashwa bado haimalizi nusu siku, kosa liko kwenye betri na pesa ya betri haitapotea bure. Kama inakaa vizuri ukiwa mwinuko na inaisha haraka ukiwa bondeni, kosa liko kwenye mtandao, na betri mpya nayo itakwisha. Ukiamua kununua Masisi-centre, Sake au Goma, usimtume motari na jina la simu kwenye karatasi. Mpelekee fundi simu yenyewe, linganisha namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani na ile mpya, hakikisha volti zinafanana, mwambie aiwashe mbele yako na upige simu moja nayo ikiwa haijachomekwa popote. Ikizima mbele yake, atakupa nyingine. Ikizima ukiwa umesharudi Nyabiondo, hasara ni yako.